Ajali Mtwara: Fidia ipo, inapotelea njiani

Asubuhi ya Julai 26, 2022, Hiace iliyokuwa ikiwapeleka watoto shule iliacha njia eneo la Mjimwema, Mikindani, ikatumbukia shimoni. Watu zaidi ya kumi walipoteza maisha, wengi wao wanafunzi wa shule ya msingi. Taarifa za awali zilitaja hitilafu ya breki. Rais Samia Suluhu Hassan alituma salamu za rambirambi, viongozi walifika, na kwa siku kadhaa Mikindani ilitajwa katika kila taarifa ya habari.

Majeruhi wengi wa barabarani mkoani humu hawatoki kwenye ajali za aina hiyo. Ni abiria wa bodaboda aliyekumbwa na lori jioni pale Msijute. Ni mama aliyepanda mchomoko, gari la binafsi linalobeba abiria wa nauli, kutoka Nanyamba kuwahi soko la Mtwara. Ni kijana aliyekaa juu ya magunia ya korosho kwenye Fuso. Hao hakuna anayewatumia rambirambi. Wanapofikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula, mguu unafungwa hogo, au mfupa uliosagika unashikizwa kwa vyuma vya nje ambavyo wagonjwa wenyewe huviita antena. Ndugu wanachangishana. Wengine wanaweka rehani mikorosho ili mgonjwa afike Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Miezi inapita, mtu anarudi kijijini na magongo.

Ukimuuliza kama amedai bima, jibu la kawaida ni hili: "Bima ya nani? Gari si langu."

Hapo ndipo fidia nyingi zinapofia. Bima anayoilipia mwenye gari kwa lazima ya sheria haikuwekwa kwa ajili yake. Iliwekwa kwa ajili ya huyo mwenye magongo.

Lami imefika, na malori yamefika

Mtwara ya leo si ile ya kusubiri basi la Dar es Salaam siku mbili kwa sababu Rufiji imejaa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ikafuata polepole hadi Mingoyo, pale njia zinapoachana, moja ikishuka Mtwara na nyingine ikipanda Masasi. Mwaka 2010 Daraja la Umoja lilizinduliwa pale Mtambaswala, likaunganisha mkoa na Msumbiji juu ya Mto Ruvuma. Mwaka 2015 kiwanda cha saruji cha Dangote kilizinduliwa Msijute, na mwaka huohuo gesi ya Madimba ikaanza kusafiri kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Tangu mwishoni mwa 2021 yameongezeka malori ya makaa ya mawe kutoka Mbinga, yanayopitia Songea, Tunduru na Masasi hadi Bandari ya Mtwara.

Juu ya hayo kuna korosho. Minada ikianza Oktoba, malori ya magunia yanabanana na mabasi, na fedha za wakulima zinageuka pikipiki mpya mikononi mwa vijana ambao baadhi yao hawajaiona leseni. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala, yenye urefu wa kilomita 210, ilianza kwa kipande cha kilomita 50 cha lami hadi Mnivata. Kilomita 160 zilizobaki zikaingizwa kwenye ujenzi kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kila kipande kinachokamilika kinaongeza mwendo. Bodaboda anayechomoza kutoka njia ya mchanga ya Msimbati au Kilambo, karibu na mdomo wa Ruvuma, anaingia barabarani akiwa na mazoea ya mwendo wa kijijini, na anayekuja upande wa pili amebeba tani thelathini.

Watu wanaumia, basi. Swali ni nani anayelipa.

Bima ndogo inamlinda nani

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, iliyoanzia enzi za mkoloni, inakataza chombo cha moto kutembea barabarani bila bima inayofidia kifo au majeraha ya watu wengine. Hiyo ndiyo bima ya mtu wa tatu, ambayo madereva huiita bima ndogo. Kwa gari dogo la binafsi, kwa miaka mingi imekuwa ikilipiwa Sh118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Bima kubwa ni hiari ya mwenye gari, na ndiyo inayolipa hata gari lake mwenyewe likiharibika.

Mtu wa tatu ni nani? Ni mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli, dereva wa gari lililogongwa, na abiria aliyelipa nauli kwenye chombo kilichokatiwa bima ya kubeba abiria. Si dereva aliyesababisha ajali. Kijana wa bodaboda aliyeovateki vibaya akavunjika nyonga hatapata kitu kutoka kwenye bima ndogo ya pikipiki yake mwenyewe. Lakini akigongwa na lori lililohama upande wake, yeye ni mtu wa tatu kamili mbele ya bima ya lori hilo.

Sheria hiyo ina jambo jingine ambalo majeruhi hawaambiwi. Mwenye gari akikosa kuripoti ajali kwa wakati, au akivunja sharti jingine la mkataba baada ya ajali kutokea, kampuni haiwezi kutumia kosa hilo kumnyima mtu wa tatu haki yake. Ugomvi huo ni wao wawili. Kampuni inaweza kulipa, kisha ikamdai mteja wake.

Kujua kama gari lina bima hakuhitaji kumbembeleza mwenye gari. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) imeweka stika za kielektroniki, na yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuhakiki stika kwenye mfumo wa mamlaka hiyo, akaona kama ni hai na imetoka kampuni gani. Kinachotakiwa ni namba ya gari. Ndiyo maana mashuhuda wanaokimbilia kupiga picha za damu wangesaidia zaidi kwa kupiga picha ya kibao cha namba. Gari likikimbia na namba haikuonekana, majeruhi hana pa kuanzia. Afrika Kusini imeliona hilo: Mfuko wa Ajali za Barabarani wa nchi hiyo, unaopata fedha kutokana na tozo ya mafuta, unapokea hata madai ya waliogongwa na magari yasiyojulikana. Mfuko wa namna hiyo ungewafaa sana wanaotembea gizani kati ya Mikindani na Mtwara mjini.

Lifti, mchomoko na utingo

Si kila aliyekuwa ndani ya gari analindwa sawa, na tofauti hizi ndizo zinazowaumiza watu wa Mtwara.

Wa kwanza ni wa lifti. Bima ya lazima inamgusa abiria anayesafirishwa kwa malipo, au anayebebwa kwa mujibu wa kazi yake. Aliyepewa lifti ya bure kwenye gari la binafsi hayumo katika ulazima huo. Anaweza kumshtaki dereva kwa uzembe, lakini kampuni ya bima inaweza kujitoa, akabaki anamdai mtu ambaye pengine hana hata kiwanja.

Wa pili ni wa mchomoko. Probox au Noah iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi, ikajaza abiria wa nauli wanaobanana hadi kwenye buti, imetumika nje ya mkataba wake. Abiria amelipa, ndiyo, lakini mkataba wa gari hausemi hivyo, na kampuni inapata mlango wa kukataa. Basi au daladala yenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) inatakiwa kuwa na bima ya abiria. Ile shilingi elfu moja au mbili anayookoa mtu kwa kupanda mchomoko, na zile dakika ishirini za kuwahi, zinaweza kumgharimu fidia nzima. Tiketi ya basi nayo si karatasi ya kutupa dirishani. Ndiyo inayothibitisha kwamba ulikuwa ndani ya gari hilo, siku hiyo, kwa malipo.

Wa tatu ni utingo na dereva wa kuajiriwa. Mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini hadai kwa njia ya mtu wa tatu dhidi ya bima ya bosi wake. Njia yake ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi 2015. Mwajiri ndiye anayechangia; mfanyakazi hakatwi hata senti. Uzuri wa mfuko huu ni kwamba haumtaki mtu athibitishe nani alikosea. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba alikuwa kazini na ameumia. Utingo wa lori la makaa aliyepinduka nalo Tunduru, akaambiwa na bosi "pole, kosa ni la dereva", ajue kwamba jibu hilo halifungi mlango wa WCF.

Kuna na wavukaji wa mto. Bima ya kawaida ya Tanzania inaishia mpakani. Anayevuka Mtambaswala kwenda kufanya biashara Msumbiji ahakikishe gari alilopanda limekatiwa bima ya kule.

Wiki tatu za kwanza

Mali bila daftari huisha bila habari, na mguu uliovunjika ni mali kuliko duka. Madai ya ajali yanajengwa na karatasi, na karatasi hizo zinazaliwa katika wiki chache ambazo majeruhi yuko kitandani, hana fahamu au hana nguvu. Kwa hiyo kazi hii ni ya ndugu.

Ya kwanza ni PF3. Fomu hii hutolewa na polisi: sehemu moja inajazwa na askari, nyingine na daktari, anayetakiwa kueleza jeraha ni la kiwango gani. Anayevuja damu atibiwe kwanza, fomu ifuate. Tatizo ni pale fomu inapojazwa harakaharaka usiku wa ajali na kuandikwa "maumivu ya mguu", halafu picha ya eksirei ya kesho yake inaonyesha mfupa umevunjika mara mbili. Ndugu akiichukua fomu hiyo bila kuisoma, miezi sita baadaye kampuni itamsomea yeye. Arudi kwa daktari aliyemtibu mgonjwa, aombe taarifa kamili ya kitabibu yenye jina la mfupa, tarehe za kulazwa, upasuaji uliofanyika na, tiba ikifika mwisho, asilimia ya ulemavu uliobaki.

Ya pili ni ramani ya ajali. Askari wa usalama barabarani huichora pale pale: upande wa kila gari, alama za breki, mahali mwili ulipoangukia. Majeruhi akiwa hospitali, ramani inachorwa kwa maelezo ya waliobaki wamesimama, na mara nyingi aliyebaki amesimama ni dereva. Ndugu wapeleke kituoni majina na namba za simu za mashuhuda mapema, kabla muuza chipsi wa barabarani hajahama na konda hajabadilisha basi.

Kuna pia fomu ambazo kampuni za bima huziulizia kwa namba: PF 90, PF 115, na PF 93 ambayo ni ripoti ya ukaguzi wa gari. Zote hutoka polisi. Zifuatiliwe kituo kilichoshughulikia ajali, si kituo cha karibu na nyumbani. Mtu wa Newala aliyeumia Somanga atajikuta anafuata karatasi katika mkoa mwingine, na nauli hiyo nayo ina risiti.

Risiti ndilo neno la kukariri. Mahakama za Tanzania hugawa fidia katika mafungu mawili. Lipo la hasara halisi: dawa, upasuaji, usafiri, magongo, mshahara uliopotea. Hilo lazima litajwe kwa hesabu na kuthibitishwa kikamilifu, na Mahakama ya Rufani imeshikilia msimamo huo kwa miongo. Lipo la maumivu, ulemavu na maisha yaliyobadilika, ambalo hakimu hulipima mwenyewe. Bila risiti, fungu la kwanza linayeyuka lote, hata kama kila mtu mahakamani anajua ulilazwa.

Kipato nacho kinahitaji ushahidi. Wengi hapa hukata tamaa kwa sababu hawana hati ya mshahara. Mkulima wa korosho ana ushahidi kuliko anavyodhani: alipeleka mzigo kwenye chama cha msingi, akapewa stakabadhi, akalipwa kupitia benki. Misimu mitatu ya malipo hayo inaonyesha wazi alichokuwa akiingiza kabla hajashindwa kupalilia. Mvuvi wa Msangamkuu au mama lishe anaweza kuchapisha taarifa ya miamala ya simu. Barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza kazi ya mtu inasaidia, ila isisimame peke yake.

"Mzee wangu, tuyamalize"

Kabla karatasi hazijakamilika, hufika mgeni. Anakuja wodini na maji ya chupa na machungwa, anazungumza kwa heshima zote. "Mzee wangu, mambo ya mahakama ni kupoteza muda. Shika hii laki tatu ya dawa, tuyamalize kiungwana." Baba wa majeruhi anatazama deni la hospitali, anatazama mkono ulionyooshwa, anasaini karatasi iliyoandikwa pembeni ya kitanda.

Kupokea msaada wa matibabu si dhambi, na hakumfungi mtu. Kinachomfunga ni saini juu ya maneno kwamba amelipwa yote na hatadai tena. Kwenye ofisi za bima hati ya namna hiyo hutolewa rasmi kabla ya malipo, na ukishaisaini umefunga jalada. Haifai kusainiwa kabla ya daktari kusema tiba imekwisha, maana mguu ulioonekana umeunga Machi unaweza kurudishwa kwenye upasuaji Julai. Anayetaka kusaidia asaidie, iandikwe: "Nimepokea kiasi hiki kwa ajili ya matibabu, madai mengine yanaendelea."

Mgeni mwingine ni kishoka. Huyu hutembea na orodha ya ajali, anajua majina ya madaktari, anaahidi mamilioni, na anachotaka ni saini ya kumruhusu afuatilie na kupokea kwa niaba yako. Siku malipo yakitoka, majeruhi hupewa kinachobaki. Hakuna sheria inayomlazimisha majeruhi kumpitia. Anaweza kuwasilisha madai yake mwenyewe kwenye kampuni, na asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayotambua pia wasaidizi wa kisheria waliopo ngazi ya wilaya.

Kesi ya trafiki si kesi yako

Dereva akifikishwa mahakamani, akikiri kosa, akalipa faini, familia nyingi huamini mambo yamekwisha. Faini inakwenda serikalini. Majeruhi hapati hata nauli. Kesi hiyo ni ya Jamhuri dhidi ya dereva, na majeruhi ni shahidi tu.

Pamoja na hayo, asiipuuze. Chini ya Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai inayomtia mtu hatiani, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi kamili wa kosa hilo hata kwenye shauri la madai. Kwa maneno mengine, nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki inamaliza nusu ya ubishi wa nani alikosea. Majeruhi aitikie wito wa kutoa ushahidi, ajue tarehe ya kesi, na aombe nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama. Dereva akiachiwa kwa sababu mashahidi hawakutokea, mlango wa fidia unakuwa mwembamba sana.

Shauri la madai lenyewe hufunguliwa dhidi ya dereva na mmiliki wa gari, kwa kuwa mmiliki anabeba uzembe wa aliyemkabidhi usukani akiwa kazini kwake. Kampuni ya bima ndiyo inayotakiwa kulipa hukumu, mradi ilipewa taarifa mapema kwamba kesi ipo. Barua ya taarifa hiyo ipelekwe kwa mkono na nakala igongwe mhuri wa mapokezi. Kwa madai ya uzembe, Sheria ya Ukomo inatoa miaka mitatu. Inaonekana mingi kwa mtu aliyeko wodini, lakini mwaka wa kwanza huishia kwenye matibabu, wa pili kwenye ahadi za simu, na wa tatu kwenye kusubiri faili. Mazungumzo na kampuni hayasimamishi kalenda hiyo.

Aliyefariki hafungi madai. Sheria inawaruhusu mjane, watoto na wazazi waliomtegemea kudai kwa kupoteza tegemeo lao. Kinachowakwamisha ni mirathi: kampuni itataka msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na familia nyingi huikumbuka Mahakama ya Mwanzo baada ya hundi kuandikwa na kukosa wa kuipokea.

Kampuni ikigoma

Kampuni inaweza kukataa kwa haki, kwa mfano pale stika ilipokwisha muda wake siku moja kabla ya ajali. Inaweza pia kukataa kwa kuchosha watu: leo lete fomu hii, kesho lete ile. Dai jibu la maandishi lenye sababu. Ukiwa nalo, unaweza kwenda ofisi ya TIRA Kanda ya Kusini, iliyopo Mtwara, au kupeleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ili mwananchi asilazimike kuanzia mahakamani. Huduma yake haitozwi.

Njia zipo, basi. Ubaya ni kwamba kila ofisi inajua kipande chake. Polisi anatoa fomu, daktari anaandika jeraha, karani anatunza hukumu, kampuni inasubiri faili. Hakuna kati yao aliyepewa kazi ya kumwambia majeruhi hatua inayofuata, na nafasi hiyo iliyo wazi ndiyo anayoishi nayo kishoka.

Inaweza kuzibwa bila sheria mpya wala bajeti kubwa. Hospitali za rufaa za mikoa zina maofisa ustawi wa jamii, ambao tayari huzunguka wodini kuzungumza na wagonjwa walioshindwa kulipa. TIRA na Jeshi la Polisi wangewaandalia karatasi ya ukurasa mmoja ya kumpa kila majeruhi wa barabarani siku anayolazwa: namba ya gari na jinsi ya kuhakiki stika yake, kituo chenye jalada, fomu za kuomba, risiti zitunzwe, usisaini kumaliza madai kabla ya tiba kwisha, miaka mitatu, simu ya TIRA Mtwara. Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini zingeweza kuanza nayo kabla minada ya Oktoba haijafunguliwa, maana malori yatakuwa yameshaingia barabarani.